Mwalimu Mfukoni

Kutoka Irving, pembeni ya Dallas, hadi Alief kule Houston ni saa nne kama barabara imekuonea huruma, na mimi nilikuwa na saa hizo nne tu za kumwambia Nyaboke ukweli. Tukifika, Annonciata, mwenzetu wa safari, angewasha ile televisheni yake kubwa kama mlango, awaonyeshe watu video ya safari yetu ya Petra. Na kwenye video hiyo naonekana, mimi Kagendo, nikimtia Nyaboke mfukoni.

Wacha nieleze vizuri, maana nikiwa na jambo rohoni huwa naanzia mkiani.

Nyaboke ni rafiki yangu. Kanisani tunamwita Mwalimu, kwa sababu huko Nyamira alifundisha historia sekondari kabla ya kuja Texas kutunza wazee. Sisi akina mama tulikuwa tunapanga ziara ya Nchi Takatifu kama makanisa mengine yanavyofanya: Yerusalemu, Bethlehemu, mto Yordani, mnarudi na vichupa vya maji. Ni yeye aliyesema, "Mkishavuka kuingia nchi ya Yordani, mtarudije bila kuiona Petra? Huo ni utovu wa adabu." Tukauliza Petra ni nini. Akatuangalia vile mwalimu huangalia darasa lililofeli lote.

Kuanzia hapo kila Alhamisi alitutumia somo la sauti kwenye kundi letu la WhatsApp. Wanabatea, watu wa ngamia na jangwa, walivyochimba mji ndani ya mwamba zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Walivyoyanasa maji ya mvua mahali ambapo mvua yenyewe ni bahati. Jinsi unavyoingia kwa ufa mmoja mwembamba kati ya milima, unatembea, unatembea, halafu ghafla jengo zima linakutokea mbele ya uso, limechongwa kwenye jabali, na wenyewe wanaliita Hazina. Miezi sita ya masomo. Mimi ni nesi, nikitoka shifti kitu ninachotaka ni kitanda, lakini Alhamisi nilikuwa nakaa ndani ya gari nje ya nyumba yangu nikisikiliza habari za mifereji hadi somo liishe.

Na yeye mwenyewe hakwenda. Faili lake liko uhamiaji mwaka wa tisa sasa, na mwenye faili kama hilo akitoka Marekani hana hakika ya kurudi. Alitupeleka uwanja wa ndege kwa gari lake, akashusha masanduku yetu, akanivuta kando. "Kagendo, mkianza kutembea kwenye ule ufa, nipigie simu ya video. Ishike mbele yako, kamera iangalie mbele, na usiongee. Nataka ile Hazina initokee kama inavyomtokea msafiri. Niahidi."

Nikaahidi. Tena kwa mdomo mpana: "Mwalimu, macho yangu ni yako."

Siku yenyewe tulifika saa nane na nusu mchana, na Texas ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumamosi. Akapokea simu kabla haijalia mara ya pili. Nilimwona kidogo tu kabla ya kugeuza kamera. Alikuwa amevaa koti, amejifunga kitambaa kichwani, miguuni raba za kutembelea, amesimama katikati ya sebule yake ya Irving. Nikanyoosha mkono, nikatembea kilomita moja na ushee bila kusema neno. Anayenijua ataelewa hiyo ilikuwa kazi gani.

Sasa, hatua chache kabla ya kona ya mwisho, Mama Sheldon akatusimamisha. Mama Sheldon ndiye kiongozi wetu, na hali hata karanga kabla ya kuziombea. "Akina mama," akasema, "hatuwezi kuingia mji wa watu hivi hivi. Tuinue mikono." Na kwetu ukiambiwa inua mikono unainua yote miwili, na huwezi kumwinulia Mungu simu. Nikaitia kwenye mfuko wa koti, nikafunga zipu, nikijiambia ni dakika moja. Tukaomba. Tukasema amina. Tukapinda kona.

Nusu saa baadaye, nikitafuta kitambaa nifute machozi, ndipo mkono wangu ukaigusa ile simu, na ilikuwa bado hewani. Nikaitoa. Nyaboke alikuwa ameketi sasa. "Mwalimu, umeona?" nikamuuliza. Akatabasamu. "Nimeona. Ni pazuri sana."

Mfuko wa lile koti ni mweusi na mzito kama blanketi. Aliona nini?

Kesho yake asubuhi tuliingia tena, na ningeweza kumpigia. Sikumpigia. Kumwonyesha mara ya pili ni kukiri kwamba mara ya kwanza hakuona, na mimi, ninayewakemea madaktari wazima wakisahau kunawa mikono, nikaogopa. Tuliporudi nikamkwepa wiki mbili, nikisingizia shifti. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuwahi kuendesha gari kwenye barabara kuu ya I-45.

Basi hapo ndipo tulipokuwa Jumamosi hiyo asubuhi, tunatoka Dallas kuelekea kusini, mimi kwenye usukani, Nyaboke pembeni yangu amepakata chapati alizompikia Annonciata.

"Haya, simulia," akasema. "Tena usinianzishie na mambo ya vitabuni, hayo ninayo. Anza na harufu."

Nilikuwa nimepanga kuanza na kuungama, haki ya Mungu. Lakini aliposema harufu, pua yangu ikarudi kule yenyewe.

"Mavi ya farasi," nikasema.

Akacheka hadi chapati zikatikisika. "Vitabu havisemi hivyo."

"Vitabu vinaficha. Mavi ya farasi, na vumbi, na chai ya majani fulani wanayochemsha Mabedui kwenye birika jeusi. Halafu unaingia kwenye ule ufa na harufu zote zinakatika. Baridi, Mwalimu. Nje jua linakuchoma utosi, ndani ni kama umefungua friji. Kuta zinapanda juu, zinapanda, hadi mbingu inabaki utepe. Na rangi yake, wewe ulituambia waridi. Si waridi. Ni nyama. Ukienda kwa bucha ukamwambia akukatie ya mguu, ile nyekundu yenye mistari myeupe ya mafuta, ndiyo hiyo."

"Nyama," akasema, na alikuwa ameshafungua daftari. Yule mwanamke anaandika hata ndani ya gari. "Na mifereji?"

"Niliigusa. Imechongwa ukutani huku na huku, kwa urefu wa kiuno changu. Nikaingiza kidole, nikakiburuta nikitembea. Mtalii mmoja Mfaransa akaniangalia vibaya, nikamwangalia vibaya pia. Nilitaka kujua kama kweli inateremka kidogo kidogo kama ulivyosema. Inateremka. Unaisikia kwenye kidole."

Nyaboke alifumba macho. Nilimwona anakiburuta kidole chake mwenyewe kwenye mlango wa gari, polepole, na nikahisi vibaya mpaka nikalipigia honi lori ambalo halikuwa na kosa.

Mji wa Corsicana ulipita sijasema. Nikajiambia, baada ya hapa. Lakini akauliza habari za Annonciata, na habari za Annonciata haziwezi kungoja. Annonciata alikimbia vita kule Uvira akiwa na umri wa miaka kumi na miwili, na leo anafanya kazi ghala la vifurushi huko Houston. Asubuhi ile ya pili sisi wote tulikuwa tunapiga picha zile kuta. Yeye alisimama katikati ya ufa akageuka nyuma, akaangalia mbele, akapima upana kwa mikono yake.

"Akasema nini?" Nyaboke akauliza.

"Akasema, 'Hawa watu walijua vita. Mlango ni mumoja. Wanaume kumi wanatosha kuulinda, wamama na watoto wanalala.' Halafu akakaa chini kwenye jiwe, akasema angekuwa na mahali kama hapo wakati ule, mamake asingetembea na malaria hadi kwenye mtumbwi. Hakulia. Alikuwa na furaha, unaelewa? Furaha kwa ajili ya hao wamama wa kale. Aliwapungia mkono."

"Hilo silo nililofundisha," Nyaboke akasema kwa sauti ya chini, akaliandika.

Nikamweleza wale ngamia waliochongwa ukutani, ambao mchanga umewala hadi ikabaki miguu tu, miguu ya ngamia na miguu ya mtu anayewaongoza, amevaa ndala. Mama Sheldon alivyopoteza kofia yake kwa punda. Nilikuwa napiga usukani, nacheka, nasimulia kwa mikono hadi akaniambia nishike gari. Kila nilipoikaribia ile kona ya mwisho nilirudi nyuma nikaongeza ngamia. Nadhani kufika Centerville msafara wangu ulikuwa na ngamia wengi kuliko Wanabatea walivyowahi kufuga.

"Kagendo," akasema mwishowe. "Pinda kona."

"Wacha kwanza tununue kahawa," nikasema.

Tulisimama Madisonville. Pale nje ya kituo cha mafuta, watu wamejaa na barafu zao na nyama zao kavu, nikasimama mbele ya gari na kikombe mkononi nikaona nikiingia tena garini sitasema kamwe.

"Mwalimu, hukuiona Hazina. Nilikutia mfukoni Mama Sheldon alipoanza kuomba, na nikakusahau. Nusu saa nzima. Nilikusahau kabisa na sina kisingizio. Annonciata ana video, utaona mwenyewe, nikaona afadhali uisikie kwangu."

Nyaboke alikuwa anafunika kikombe chake. Alikibana kifuniko upande mmoja, kisha upande wa pili.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Ulidhani nilikuwa naona nini, Kagendo? Bitana ya koti? Kwanza nilifikiri mtandao umekatika. Halafu nikamsikia Mama Sheldon anaomba, nikajua mmefika kwenye kona. Nikainua mikono na mimi, pale sebuleni. Nikasema amina pamoja nanyi. Halafu nikawasikia mkipinda."

"Ulisikia nini?"

"Kimya. Mimi sijawahi kuwasikia nyinyi mmenyamaza. Halafu vigelegele. Halafu wewe. Ulikuwa unalia, unapiga kelele, 'Walianza juu, walichonga kutoka juu wakishuka, Mwalimu alituambia.' Ulirudia mara tatu."

Sikukumbuka hata neno moja la hayo. Lakini nilianza kupumua. "Kwa hiyo hukukasirika."

"Nilikasirika siku nne." Akaniangalia usoni sasa, na macho yake yalikuwa mekundu. "Ulitaja jina langu, Kagendo, na hukunitoa mfukoni."

Mimi nina jibu la kila kitu, muulize yeyote pale kazini. Pale nikauliza kitu cha kijinga, nikauliza kwa nini basi alisema ameona.

"Ningesema nini? Mlikuwa na furaha namna ile, niwe mimi wa kuiharibu? Na nilikuwa nimevaa koti ndani ya nyumba, na raba. Nilijiona mjinga. Niliona uchungu, na wivu, na nikaona aibu kuwa na wivu. Ndiyo hivyo."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nitakusamehe tukifika Houston. Sasa usilie, utaendeshaje? Tumebakiza saa moja na nusu. Ingia, uanzie pale kwenye amina, na ukiruka kitu nitajua."

Nikaanzia kwenye amina. Nikamwambia jinsi nilivyofungua macho na ufa ulikuwa bado na kivuli, na mbele kukawa na mstari mmoja wa mwanga, umesimama wima, mwembamba. Nikamwambia ule mstari una nguzo ndani yake. Unapiga hatua na mstari unapanuka, nguzo moja, nguzo mbili, unapiga hatua nyingine unaona ukingo wa paa, na hujaelewa bado unachokiona, akili inakataa, kwa sababu hakuna tofali, hakuna kiungo, mlima wenyewe umeamua kuwa nyumba. Kisha ufa unaisha na unasimama uwanjani kama mtu aliyesukumwa mlangoni.

"Urefu," akasema. "Vitabu vinasema mita arobaini. Nipe kitu ninachokijua."

Mungu ana mipango yake, maana tulikuwa tunaipita Huntsville na ile sanamu kubwa nyeupe ya mtu, iliyo kando ya barabara, ilikuwa inachungulia juu ya miti. "Ile pale," nikasema. "Chukua mbili kasoro kidogo, uzibebanishe."

Nyaboke akageuka kwenye kiti, akaishika ile sanamu kwa macho hadi miti ikaifunika. Hakuandika. Nikaendelea. Nikamwambia jinsi ilivyokuwa saa hiyo ya alasiri, rangi imetulia, na jinsi asubuhi ya pili jua lilivyoipiga ikawaka. Nikamwambia kuhusu paka aliyelala kwenye kizingiti kama mwenye nyumba. Nikamwambia Mama Sheldon alipiga magoti, akashindwa kuinuka, akacheka mwenyewe. Sikuongeza hata ngamia mmoja. Nilisikia sauti yangu inakauka na sikunyamaza, na mara nyingine alikuwa ananikatiza, "Nguzo ngapi chini? Moja imetengenezwa upya, uliijua ni ipi?" Sikuijua. Akaniambia. Kufika Houston tulikuwa tunabishana kwa kelele kama zamani, na nilikuwa na raha ambayo hata kule Petra sikuwa nayo.

Nyumba ya Annonciata ilikuwa imejaa. Majirani, watu wa kanisa lake, Mama Sheldon aliyetutangulia, sombe, yaani kisamvu, samaki, ugali wa muhogo, na kwenye kochi mama yake, Mama Anastasie, miguu juu ya stuli. "Muingie, wamama, chakula inapoa," Annonciata akasema, akazipokea chapati, na kabla hatujamaliza kula akawasha video.

Maombi yakafika. Mkono wangu kwenye skrini ukashuka, ukaingia mfukoni, ukarudi juu. Sekunde mbili. Hakuna aliyeona kitu. Wiki mbili nimekosa usingizi kwa ajili ya sekunde mbili. Nyaboke akanigusa kwa kiwiko, kidogo tu.

"Kagendo, sasa utuelezee," Annonciata akaniambia. "Weye njo ulikuwa unatuelezea kule."

"Mimi nilikuwa narudia tu," nikasema. "Mwenye maneno ni huyu. Mwalimu, simama."

Alitaka kukataa, nikamvua mkoba begani. Akaenda hadi kwenye televisheni. "Simamisha hapo," akamwambia Annonciata. Hazina ikatulia, imejaa ukuta mzima. Nyaboke akainua kidole akaonyesha pembeni, mbali na nguzo, mahali ambapo hakuna aliyekuwa anaangalia. "Mnaona hivi vitundu? Viko kwenye mstari, vinapanda huku na huku hadi juu. Wengine wanasema mafundi walivitumia kupanda na kushuka."

Mimi nilisimama mbele ya jengo hilo siku mbili. Sikuviona. Annonciata hakuviona. Tulitazamana kama watoto walioshikwa bila kitabu.

Basi akaanza. Alieleza fundi wa kwanza anavyoning'inia juu kabisa, anachonga paa kabla ya nyumba, na hawezi kukosea kwa sababu jiwe lililoanguka halirudishwi. Alieleza maji. Alieleza ndala za yule mtu wa ngamia, na nyama ya bucha akaitaja, akanitazama. Akageuka akamwambia Annonciata asimulie ule mlango mmoja na wanaume kumi, na Annonciata akasimulia, na watu wakaacha sahani, maana wengi mle nao walikuwa wamekimbia vita. Nilimwangalia Nyaboke mikono yake ikipaa na kushuka, nikaona jinsi alivyokuwa mbele ya darasa lake, na nilijivuna kama mimi ndiye niliyemzaa.

Alipomaliza walimpigia makofi. Mama Anastasie alikuwa ameinama mbele, viganja vimeshikana. Alimvuta Nyaboke kwa sketi.

"Mwana wangu, umeeleza mpaka nimefika," akasema. "Weye ulikuwa kule mwezi gani?"

Annonciata akafungua mdomo. Mama Sheldon naye akaanza kukohoa. Mimi nilikuwa tayari na maneno, nilikuwa nayo mdomoni, kwamba tulikwenda naye, kwamba alikuwa nasi. Nyaboke akaniangalia mara moja tu, nikayameza.

"Bado, Mama," akasema. "Sijafika bado."

Mama Anastasie, aliyengoja karatasi zake za kuja Marekani miaka kumi na sita katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hakuuliza kwa nini. Alishusha miguu kwenye stuli, akasogea, akapigapiga kochi kando yake. Nyaboke akaketi hapo, akamwambia Annonciata aiendeleze video.